Mji wa Marekani polisi wake wanavaa fulana za kuzuia risasi za MSAADA? Wajuvi nieleweshwe

Bwana Theluji (mleta uzi)

Wakuu salama? Niko Ohio mwaka wa sita huu, mji siutaji maana Waswahili tuko wachache tutajuana.

Jana nimeenda kikao cha baraza la madiwani. Sikwenda kwa mapenzi, mtaa wetu theluji haizolewi na nilitaka kuwachana, ukitaka kuongea unaandika jina kwenye karatasi mlangoni wanakupa dakika tatu. Sasa nimekaa nasubiri zamu yangu nikasikia karani anasoma kwamba baraza linaombwa kuridhia kupokea msaada wa fulana za kuzuia risasi kwa ajili ya polisi wa mji. Kumi na mbili. Na moja ya mbwa.

Nikajua kiingereza changu kimenikimbia. Nikageuka nikamwona mbwa mwenyewe, kalala miguuni kwa afande wake ulimi nje, fulana nyeusi keshavaa, ubavuni imedariziwa maandishi meupe ya kumkumbuka marehemu fulani. Madiwani wakapiga kura, wote ndiyo, makofi, picha, dakika nne kazi imeisha. Mimi na theluji yangu nikaambiwa watalifanyia kazi.

Swali langu ni moja. Mji huu unanikata kodi ya mapato kila mshahara, kuna kodi ya nyumba, kuna faini za maegesho hata ukizidisha dakika tano, halafu askari wake anavaa fulana ya kupewa? Au na wao wana harambee kama sisi ila hawasemi?

---

kizibo_7

Siti ya mbele kabisa. Nani ana bisi?

---

Kokoto

Mkuu hapo umeandika fulana ila kichwani nimesoma vesti, na vesti mimi naijua ile ya mzee akikaa barazani jioni na redio. Nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wananiangalia.

---

Mama Minnesota

Mleta uzi nikurekebishe kidogo kaka yangu, kodi ya nyumba huko Ohio sehemu kubwa inaenda shule, siyo kwa polisi. Polisi na zimamoto wanakula hiyo ya mapato unayokatwa. Na hela ya polisi karibu yote ni mishahara, ovataimu, pensheni na bima ya afya. Ukishalipa hivyo kinachobaki cha vifaa ni makombo. Mtoto wa shoga yangu ni polisi mji mdogo huku, alivyoajiriwa alipewa fulana iliyoachwa na mwenzake aliyestaafu, mabegani inambana tumboni inapwaya, akaja kununua ya kwake kwa posho ya sare. Kwa hiyo usishangae sana, mji tajiri ni mmoja mmoja, mingi inaungaunga.

---

Njaa Haina Likizo

Hii chai. Nchi inapeleka mabilioni ya silaha nje halafu ishindwe fulana kumi na mbili? Mleta uzi umekunywa nini?

---

Wakili wa Mtaani

Njaa, punguza povu. Inayopeleka silaha nje ni serikali ya Washington, polisi wa mji ni wa mji. Kule kuna vyombo vya polisi karibu 18,000, karibu kila mji na wake, karibu kila wilaya na sherifu wake, chuo kikuu nacho kina wake. Sisi Jeshi la Polisi ni moja, liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, meya wa Dar hana askari hata mmoja zaidi ya mgambo wa jiji. Kwa hiyo ukisikia "polisi wa mji" usipige picha ya OCD wako (mkuu wa polisi wa wilaya), piga picha ya kampuni ndogo yenye watu thelathini na bosi wao ni diwani.

Sasa kwa nini wapige kura kwa kitu cha bure? Kwa sababu zawadi kwa polisi ni zawadi kwa mji. Mkuu wa polisi hatakiwi kupokea kimyakimya chini ya meza, ikishapokelewa inaingia kwenye daftari la mali za umma, baraza likikubali inakuwa wazi nani katoa nini na cha thamani gani. Kura ile ni kama risiti, mtu asije kesho akasema alimpa chifu binafsi.

---

Bwana Theluji

Hapo kwenye risiti nimekuelewa mkuu. Ila bado hujajibu kwa nini wanapewa.

---

Mgosi wa Kaya

Wanapewa kwa sababu ya kodi. Kampuni ikichangia taasisi ya hisani inapunguziwa kodi, halafu inapigwa picha na askari, gazeti la mji linaandika, matangazo ya bei chee. Hakuna cha huruma hapo wala nini.

---

Lindo la Usiku

Wakuu mimi naomba nichepuke kidogo maana hii mada imenigusa mbavu.

Nimelinda miaka minne Dar, kampuni siitaji, tulikuwa tunasindikiza hela. Fulana zilikuwa mbili kwa watu sita, unamkabidhi mwenzako zamu na fulana ikiwa mbichi kwa jasho, ile harufu mpaka leo nikiisikia kwenye daladala nakumbuka kazi. Tukawa tunazifua zote na sabuni ya unga tunaanika kwenye seng'enge, jua la saa saba. Siku moja zipu ya ile mfuko wa mbele ikakatika nikasema nichungulie hiki kinachonilinda ni kitu gani. Nikavuta. Ikatoka mbao nyembamba ile ya kutengenezea dari, imekatwa saizi ya kifua, na kona moja ina alama ya penseli ya fundi.

Nikairudisha. Nikashona zipu kwa uzi. Nikaendelea na kazi miezi minane mingine maana kodi ya chumba haijui mbao.

---

kizibo_7

😂😂😂 nisamehe kaka nacheka huku moyo unauma. Siling bodi!!

---

Kokoto

Lindo ukipigwa risasi wanaita seremala au daktari?

---

Fundi Nyuzi

Lindo pole sana. Ila hata ile nyingine ambayo pengine ilikuwa ya kweli mliiua wenyewe. Nyuzi za kevlar, zile zinazozuia risasi, hazipendi jua, mionzi inazila taratibu, na unyevu nao si rafiki. Paneli ya ndani haifuliwi, unaitoa, unaipangusa na kitambaa chenye maji kidogo, unafua lile ganda la nje tu, unaanika kivulini. Ukiikunjakunja na kuirushia kwenye buti la gari napo unaidhoofisha.

Na hapa ndipo penye jibu la mleta uzi, hakuna aliyepataja. Hizi fulana zina muda wake. Watengenezaji wengi wanatoa dhamana ya miaka mitano, ikipita idara inatakiwa kununua nyingine. Ukiajiri askari kumi na mbili kwa mpigo, basi baada ya miaka mitano zote zinakufa kwa mpigo, na bei ya moja ni kama dola 800 mpaka 1,000 na ushee. Mwaka huo ndio chifu anazunguka na kofia.

---

Njaa Haina Likizo

Sasa kitambaa kina ekspaya kama maziwa mtindi? Ujanja wa viwanda huo wauze tena.

---

Fundi Nyuzi

Ungekuwa ujanja mtupu ningekuunga mkono ila kuna kisa. Kulikuwa na fulana za uzi unaitwa Zylon, mwepesi kuliko kevlar, polisi wakaupenda kwa sababu huchoki. Kumbe joto na unyevunyevu unauozesha mapema. Mwaka 2003 polisi wa mji mdogo Pennsylvania risasi ikapita kwenye fulana ambayo bado ilikuwa ndani ya dhamana, akaumia vibaya, mwaka huohuo mwingine California akafa. 2005 ile taasisi yao ya viwango, NIJ, ikaziondoa zote kwenye orodha. Miji ikabaki na makabati ya fulana zisizo na kazi, na kampuni iliyouza nyingi, Second Chance, ilikuwa tayari imefilisika.

Na kitu ambacho wengi hawajui, aliyeanzisha hiyo Second Chance alikuwa muuza piza wa Detroit, Richard Davis. 1969 alipeleka piza wakamvamia, wakapigana risasi, akapona, ndio akaanza kufikiria fulana ya kuvaa chini ya shati. Alikuwa anajipiga risasi mwenyewe tumboni mbele ya polisi kuonyesha kwamba inafanya kazi, zaidi ya mara mia.

---

Mgosi wa Kaya

Zaidi ya mara mia? Huyo mke wake alikuwa anasemaje jamani

---

Afande Mstaafu

Habari vijana. Nimesoma kimyakimya nimeshindwa kuvumilia.

Mnazungumza fulana kama vile fulana ni moja. Ile laini inayovaliwa chini ya shati inazuia bastola. SMG (huku kwetu ndiyo AK-47) haizuii, inapita kama sindano kwenye khanga. Ili uzuie SMG unahitaji sahani ngumu, ya chuma au seramiki, kifuani na mgongoni, na ukivaa hiyo juani saa nane mchana Rufiji utaomba wakupige tu upumzike. Kituo cha Stakishari, Dar, Julai 2015 tulipoteza wenzetu wanne. Kibiti Aprili 2017 wanane, walikuwa kwenye gari wanarudi kutoka lindo. Watu wanasema wangekuwa na fulana. Labda. Mimi nasema gari la wazi linalopita njia ileile saa ileile kila siku halisaidiwi na fulana. Sisemi zaidi.

---

Lindo la Usiku

Shikamoo afande. Nakazia, tena hiyo ya njia ileile hata sisi wa hela tulikuwa hivyohivyo.

---

Afande Mstaafu

Marahaba mwanangu. Ile mbao ungenipigia picha.

---

Msee wa Eastlands

Sisi hapa Kenya hizo story tunazijua. Baragoi Novemba 2012, zaidi ya makarao 40 wakauliwa kwa bonde la Suguta wakifuata ng'ombe zimeibwa. Watu wakauliza vests zilikuwa wapi. Halafu juzi 2024 wameenda Haiti, magari ya kivita wakapewa na Wamarekani. Sasa mnaniambia huyo Mmarekani anatupatia sisi magari, polisi wake mwenyewe wa mtaa anachangiwa fulana? Hii dunia ni kichekesho.

---

Wakili wa Mtaani

Msee ndio maana nilisema mifuko ni tofauti. Na usidhani Washington haiwapi kitu polisi wa miji. Kuna mpango wa tangu 1997, vifaa vya jeshi vilivyozidi vinapelekwa kwa polisi wa miji, ndio yale madubwana ya magari ya kuhimili mabomu, yaliyotoka Iraki, mkayaona yako mitaani. Baada ya vurugu za mji wa Ferguson 2014, polisi alipomuua kijana, watu wakachachamaa, Obama akabana baadhi ya vifaa 2015, Trump akafungulia 2017. Na kuna sheria ya 1998 ambayo serikali kuu inarudishia mji mpaka nusu ya bei ya fulana, ila kwa masharti, fulana iwe imepita viwango na idara iwe na kanuni ya maandishi kwamba askari lazima aivae.

---

Njaa Haina Likizo

EHEEE. Kwa hiyo nusu inalipwa na serikali kuu na nusu nyingine inachangwa na raia. Mji unatoa nini sasa, makofi?

---

Mama Minnesota

Njaa leo umeniweza 😂 Ila kweli siyo kila mji unaomba hiyo nusu, na unanunua kwanza halafu ndio unarudishiwa baadaye. Miji mingine kujaza zile fomu tu hawana mtu.

---

pwani_yangu

Yakhe mimi sitoki kwenye mbwa. Binadamu apigwe mbao, mbwa adariziwe jina. Haya mbwa huyo kapewa na nani?

---

Fundi Nyuzi

Kwa maelezo ya mleta uzi inafanana na za taasisi moja ya Massachusetts, Vested Interest in K9s, ilianza 2009, kazi yake kubwa ni fulana za mbwa wa polisi nchi nzima. Mbwa lazima awe na umri wa miezi 20 au zaidi na awe ameajiriwa rasmi na ana cheti. Uzito kilo mbili na kidogo, na nayo ina dhamana ya miaka mitano, thamani yake waliwahi kuitaja kati ya dola 1,744 na 2,283. Ndiyo, ghali kuliko ya mtu. Anayechangia anachagua maneno ya kudarizi, ndio maana ukaona jina la marehemu.

---

pwani_yangu

Mbwa ana cheti. Mimi mwanangu kamaliza chuo mwaka wa tatu huu hana ajira rasmi. Nifunge simu nilale.

---

Kokoto

Mpeleke na yeye akanuse mizigo bandarini yakhe

---

Dada wa Sinza

Naomba niwe tofauti kidogo. Wote mnaongelea hela, mimi naona ni msiba. Mji ukifiwa na askari watu wanataka wafanye kitu, wanauza keki, wanakimbia mbio za hisani, hela ikipatikana haiwezi kununua mshahara wala kupunguza zamu ndefu, inanunua kitu kinachoonekana. Fulana inaonekana. Dallas Julai 2016 waliuawa askari watano na mtu mwenye bunduki ndefu, baada ya hapo watu wakachangia sahani ngumu na helmeti sehemu nyingi. Na jina la marehemu kwenye mbwa usilicheke pwani, sisi tunaandika majina ya marehemu kwenye visima.

---

Mgosi wa Kaya

Dada umeongea vizuri ila Dallas hiyohiyo ndio inanipa nguvu. Mwaka uliofuata 2017 bunge la jimbo la Texas lilitenga dola milioni 25 kwa ajili ya fulana za kuzuia bunduki ndefu. Maana yake hela ipo, serikali ikitaka inatoa. Harambee ya raia inaipa serikali nafasi ya kukaa tu bila kutoa.

---

Wakili wa Mtaani

Na tusisahau upande wa kukataa. Kuna mji California unaitwa Davis, 2014 polisi wao walipewa bure lile dubwana la jeshi, thamani yake karibu dola laki saba, wananchi wakajaa kwenye kikao, baraza likaamuru lirudishwe. Bure haina maana lazima upokee. New York kuna taasisi ya kuchangia polisi tangu 1971, matajiri wakubwa wako humo, na swali ni lilelile kila siku: ukimvalisha askari, siku ukipaki vibaya atakuandikia?

---

Afande Mstaafu

Atakuandikia. Pole pole.

---

kizibo_7

😂😂😂 afande amefunga mjadala

---

Njaa Haina Likizo

Hajafunga bado. Huku kwetu hii imekomaa, kibanda cha trafiki kina tangazo la soda, kituo cha polisi kata wananchi tumechanga matofali, hata karatasi ya kuandikia maelezo nimeshawahi kutumwa stesheneri ninunue nikiwa MIMI ndiye niliyeibiwa. Tofauti ni kwamba huku hakuna karani wa kusoma ajenda wala kupiga kura, unachanga na hupigwi makofi.

---

Mama Minnesota

Fundi Nyuzi naomba kuuliza, ya yule kijana wetu niliyosema, ya kurithi, ilikuwa na kibandiko kimeandikwa IIIA. Juzi kanunua mpya imeandikwa HG2. Katapeliwa?

---

Fundi Nyuzi

Hapana dada, hajatapeliwa. Viwango vipya vya NIJ vya 2023 vilibadilisha majina, IIIA ya zamani kwa sasa inaitwa HG2, ni ya bastola. Za bunduki ndefu zinaanzia RF1. Mwambie aangalie tarehe ya kutengenezwa kwenye kibandiko cha paneli yenyewe, siyo cha ganda. Ganda linaweza kuwa jipya na paneli ni ya babu.

---

Mama Minnesota

Asante sana kaka. Na ile ya zamani ameiweka stoo, aitupe?

---

Fundi Nyuzi

Asiitupe jalalani mtu akaiokota. Airudishe idarani. 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, Colorado na majimbo mengine walikusanya fulana za polisi zilizopita muda wakazisafirisha kule. Iliyoisha dhamana siyo lazima iwe imekufa, ni kwamba mtengenezaji hasimami nyuma yake tena.

---

Msee wa Eastlands

Ngoja. Kwa hiyo raia anachangia polisi mpya, polisi anachangia vitani ile ya zamani, na hapo katikati Lindo amevaa dari.

---

Lindo la Usiku

😂 mtaniua nyie watu. Ila wakuu kwa heshima, mimi hata hiyo iliyoekspaya ningeivaa.

---

Dada wa Sinza

Lindo bado uko kwenye hiyo kazi?

---

Lindo la Usiku

Hapana dada, niliacha 2019. Nina bodaboda sasa. Helmeti nimenunua mwenyewe, niliikata kidogo pembeni nikaangalia ndani kwanza kabla ya kulipa, muuzaji alikasirika.

---

Bwana Theluji

Wakuu nimerudi, nilikuwa zamu ya usiku godauni. Nimesoma zote. Leo asubuhi nimekutana na yule afande wa mbwa pale kituo cha mafuta, nikajikaza nikamuuliza. Akasema mbwa fulana anaivaa wakienda kwenye hatari tu, akikaa nayo kwenye gari anahema. Nikamuuliza na wewe yako ni moja ya zile kumi na mbili? Akafungua vifungo viwili vya shati akanionyesha ukosi wake, umechakaa, nyuzi zimeanza kutoka, akasema yake ina mwaka mmoja mbele, zile mpya wanapewa waajiriwa wapya. Halafu akaniuliza mimi ni yule wa theluji?

Kwa hiyo mkiniuliza nimeelewa nini: Mama anasema bajeti, Fundi anasema ekspaya, Mgosi kodi, Dada msiba, Njaa anasema makofi. Mimi naona wote mna haki na bado sijajibiwa.

---

kizibo_7

Theluji imezolewa?

---

Bwana Theluji

Bado. Nimenunua koleo.

---

Njaa Haina Likizo

Ungesubiri tukuchangie, baraza likapige kura.

---

pwani_yangu

Mie bado niko kwa mbwa. Hicho cheti chake kina picha?